Peugeot ya Kigamboni: uchambuzi wa kisa cha vipuri vilivyokaribia kuingia

Baiskeli ya kisa hiki ni Peugeot ya mbio, aina ya UO-8, ya miaka ya 1970. Ina fremu ya chuma, gia kumi, kranki (mikono ya pedeli) za chuma zinazokazwa kwa kotapini, yaani pini zinazoibana kranki kwenye ekseli yake, breki za Mafac na direla za Simplex za plastiki, zile zinazohamisha mnyororo kati ya gia. Iliingia nchini na mzigo wa mitumba. Mwenye nayo ni mwalimu wa sekondari anayeishi Kigamboni na kufundisha upande wa mjini. Aliipendea wepesi wake, na kimo cha fremu kilimkaa kuliko Phoenix aliyokuwa akipanda. Hakutaka baiskeli ya kutundika ukutani. Alitaka aipande kila siku ya shule, avuke nayo kivuko cha Magogoni, na ikimharibikia apate kipuri Kariakoo bila kuagiza Ulaya.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoongoza kazi yote. Mtu wa makumbusho angetafuta kila kipande cha asili. Mwalimu alihitaji kujua kipande kipi kibaki cha Kifaransa, kipi kihamishiwe kwenye vipimo vinavyopatikana hapa, na uhamisho huo ufanyike vipi bila kuijeruhi fremu.

Ilipofika kwenye meza yetu Temeke ilikuwa imeshapita mikononi mwa fundi mwingine. Karibu kila kilichobadilishwa kilikuwa kimepewa mbadala wa baiskeli nyeusi za kawaida, hizi Phoenix, Avon na Hero tunazoziona kila kona. Kikombe cha kushoto cha ekseli ya kranki, kile chenye thredi kinachofungwa kwenye fremu na kubeba gololi, kilikuwa kimelazimishwa kwa spana iliyoongezewa bomba, kikakwama katikati ya safari. Kikombe cha kulia kilikuwa na kingo zilizolika kwa kuteleza kwa spana. Pedeli ya kulia ilikuwa imeingia upande, kiasi kwamba unyayo unapinda kila kranki inapozunguka. Kotapini ya kushoto ilikuwa imepigwa nyundo hadi kichwa kikapanuka, na bado kranki inacheza. Tairi la nyuma lilikuwa likitoka kwenye ringi kila linapojazwa upepo wa kutosha. Nguzo ya kiti ilizungushiwa vipande vya kopo la soda. Usukani haukuwa umeguswa, na usukani ndio ulionitia hofu kuliko vyote.

Ukiyatazama majeraha hayo pamoja, yana chanzo kimoja. Kipuri kisichoingia kabisa hakidhuru kitu, unakirudisha dukani. Kinachoharibu fremu ni kile kinachoanza vizuri kwa vidole, kikapokea mizunguko miwili mitatu, kisha kikaomba nguvu. Baiskeli za Kifaransa za wakati ule zimejaa mitego ya namna hiyo. Wafaransa walipima kwa milimita na Waingereza kwa inchi, lakini mabomba na ekseli zao zilikaribiana ukubwa, hivyo tofauti mara nyingi ni sehemu ya kumi ya milimita. Baiskeli nyeusi za kwetu zimerithi vipimo vya Kiingereza. Jicho haliwezi kutenganisha familia hizi mbili, na mkono pia huchelewa kuzitenganisha.

Kopo la Blue Band

Kilichookoa kazi hii si ujuzi wa mtu. Mwalimu alikuwa na tabia ya kutotupa kitu. Kila alichofunguliwa na fundi wa kwanza alikiweka kwenye kopo la Blue Band, na kopo hilo alikuja nalo. Ndani yake mlikuwa na kikombe cha asili cha kushoto pamoja na nati yake ya kufungia, kotapini mbili za zamani, na pedeli mbili zilizovunjika vizimba.

Pedeli ndizo zilizosema kwanza. Kwenye ncha ya ekseli moja palichongwa herufi D na kwenye nyingine G, yaani kulia na kushoto kwa Kifaransa. Pedeli za familia ya Kiingereza huandikwa R na L. Herufi hizo peke yake zinatosha kumwambia fundi asiguse kitu kingine kabla hajashika venia ya kupimia. Tulipima: ekseli ya pedeli milimita 14, hatua ya thredi, yaani umbali kutoka thredi moja hadi inayofuata, milimita 1.25. Pedeli ya kawaida ni inchi 9/16, ambazo ni milimita 14.29, na ina thredi 20 kwa inchi, yaani hatua ya milimita 1.27. Kikombe kikasoma milimita 35 kwa hatua ya milimita 1. Kikombe cha Kiingereza ni inchi 1.37, karibu milimita 34.8, chenye thredi 24 kwa inchi, na hiyo ni hatua ya milimita 1.058.

Hapo ndipo kosa la kikombe cha kushoto linaeleweka. Kikombe cha Kiingereza ni chembamba kwa milimita 0.2 kuliko tundu la Kifaransa, kwa hiyo kinaanza bila ubishi, hata kwa urahisi unaoshawishi. Lakini kila mzunguko hatua zinaachana kwa milimita 0.058. Ikifika hatua ya nane zimeachana karibu nusu milimita, na kwa kuwa hatua nzima ni milimita 1 tu, mlima wa thredi moja unakuwa umepanda juu ya mlima wa nyingine. Fundi akiongeza bomba kwenye spana wakati huo, anachosikia kama kukaza ni chuma kinavyokatwa.

Upande wa kulia una hadithi tofauti. Kwenye Phoenix, kikombe cha kulia kina thredi ya kushoto: unakifungua kwa kukizungusha kama mshale wa saa. Fundi aliyezoea hivyo akiikuta Peugeot ya Kifaransa, ambayo vikombe vyake vyote viwili vina thredi ya kulia, atakizungusha kwa nguvu zake zote akidhani anafungua, kumbe anakaza. Zile kingo zilizolika ni alama ya juhudi hiyo.

Ila hapakuwa na haki ya kuamua haraka kwamba ni Kifaransa. Kuna vipimo vya Kiswisi pia, milimita 35 kwa 1 vilevile, lakini kulia kwake thredi ni ya kushoto, na Peugeot wenyewe walivipitia kwenye baadhi ya fremu kabla ya kuhamia Kiingereza katika miaka ya 1980. Kikombe cha kushoto hakiwezi kutofautisha Kifaransa na Kiswisi kwa sababu upande huo vinafanana. Kukifungua cha kulia nacho hatukutaka. Tulichofanya ni kumulika tochi kutokea upande wa kushoto, baada ya kutoa kikombe kile kigeni, na kutazama thredi zilizobaki wazi nyuma ya kikombe cha kulia. Mlalo wake ulionyesha thredi ya kulia. Kifaransa, bila shaka.

Kikombe cha kulia kikaachwa mahali pake. Njia yake ya gololi ilikuwa laini, inang'aa bila vidonda, na hakuna faida ya kukifungua kitu kilichokaa miaka hamsini kwa ajili ya kukisafisha wakati kinasafishika kupitia tundu la ekseli. Najua mafundi wengi wanaona kazi haijakamilika hadi kila kitu kimefunguliwa. Mimi naona kikombe chenye kingo zilizolika kikitolewa, pengine hakirudi.

Gerezani

Thredi za kushoto ndizo zilihitaji tiba. Zile za nje zilikuwa zimelala na kukatika sehemu, za ndani zilikuwa nzima. Dawa ya kawaida ni tepu, chombo cha kukatia thredi ndani ya tundu, ya milimita 35 kwa 1, na tepu hiyo haipatikani duka lolote la Dar es Salaam nililowahi kuingia. Kulikuwa na njia nyingine: kupanua tundu na kukata thredi za Kiitaliano, milimita 36 kwa thredi 24 kwa inchi. Kwa kuwa Kiitaliano ni kikubwa zaidi, chuma cha zamani kinaondoka chote na kipya kinachongwa safi. Ni njia halali, lakini ukishaipita hakuna kurudi, na vikombe vya Kiitaliano hapa ni adimu kama vya Kifaransa. Ukifika hapo umetumia risasi ya mwisho ya fremu bila sababu.

Tukaenda Gerezani kwa mzee anayekereza vyuma. Nilikuwa nimeandika vipimo kwenye karatasi. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Niletee kikombe chenyewe, kijana wangu. Karatasi haina thredi." Nikamtolea kile cha kopo la Blue Band. Alikipima mwenyewe kwa geji ya thredi, kisha akakereza kipande cha chuma kigumu chenye thredi ya milimita 35 kwa 1, akakipasua mifereji minne kwa urefu ili kipate makali ya kukatia na nafasi ya kutupia vumbi la chuma, akakipasha moto na kukitia kwenye mafuta. Kwa jina ni tepu, ila haikukusudiwa kukata tundu jipya. Kazi yake ni kunyoosha thredi zilizolala, na chuma cha fremu ni laini vya kutosha kukubali.

Hatari ya kazi hiyo ni kuanza upande, kwa sababu thredi za mlangoni ndizo zilizoharibika na haziwezi kuongoza. Mzee alikuwa ameacha tundu katikati ya tepu yake. Tulipitisha nondo iliyonyooka, upande mmoja ikalala ndani ya tundu la kikombe cha kulia kilichokuwa bado kimefungwa vizuri, upande wa pili ikabeba tepu. Kwa hiyo kikombe kile tulichokataa kukifungua ndicho kikawa kiongozi. Robo mzunguko mbele, robo nyuma, mafuta, kufuta, kurudia. Tepu ilipofika kwenye thredi nzima za ndani mkono uliihisi ikilegea na kukimbia yenyewe. Kikombe cha asili kikaingia kwa vidole hadi mwisho wake, na nati ikakifunga.

Gololi zilikuwa jambo jepesi: robo inchi, kumi na moja kila upande, hizihizi zinazotumika kwenye baiskeli nyeusi. Ndiyo, Wafaransa waliotumia milimita kwenye kila thredi walitumia gololi za inchi. Ukienda dukani na gololi ya zamani mkononi hutakosa.

Kotapini

Kotapini za Kariakoo zina kipenyo cha milimita 9.5. Za Peugeot hii ni 9.0. Fundi wa kwanza aliichukua ya 9.5 akaipa nyundo. Haikufika kina chake, ubapa wake haukukaa sawa na mkato wa ekseli, na kranki ikabaki kucheza. Kila pigo lilipita kwenye gololi na vikombe.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kupanua tundu la kranki hadi 9.5 ili pini za hapa ziingie. Siupendi. Tundu likipanuka, mkato wa ekseli unabaki ulivyokuwa, na utahitaji kuuchonga ubapa wa pini kwa kina kingine tofauti na ule wa kawaida, kwa hiyo hata pini ya duka bado haitaingia bila tupa. Umeharibu kranki na hukupata urahisi ulioutafuta. Ni bora kazi ifanywe kwenye kipuri cha bei ndogo kuliko kwenye sehemu ambayo haina mbadala. Mzee wa Gerezani alikereza pini sita za 9.5 zikawa 9.0. Ncha yenye thredi ya nati ni nyembamba kuliko mwili wa pini, haikuguswa. Ubapa tuliuchonga kwa tupa hapa mezani, kidogo kidogo, tukitumia pini za asili kama kielelezo cha mwinamo.

Pini mbili huingia zikiwa zimeelekeana kinyume, yaani kranki zikiwa zimesimama wima, moja inaingia ikitokea mbele ya baiskeli na nyingine nyuma, la sivyo kranki hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Tuliziingiza kwa kuzisukuma kwa jiliwa lenye kipande cha bomba upande wa pili. Mtu asiye na jiliwa linalofika hapo anaweza kutumia nyundo, lakini kranki lazima iegemee bomba lililosimama sakafuni chini yake, ili pigo liende ardhini lisipite kwenye gololi. Nati ni ya kushikilia tu. Ukiitumia kuvutia pini ndani, utakula thredi zake.

Pini nne za akiba zilikwenda na mwalimu.

Pedeli hazikuchukua muda. Hatua ya 1.25 na ya 1.27 zimekaribiana mno, na kipenyo cha Kiingereza ni kikubwa, hivyo kranki ya Kifaransa inaweza kutiwa tepu ya 9/16 na thredi mpya zikafuata njia ya zamani. Hapa uhamisho ni sahihi kabisa: chuma kipo cha kutosha, na pedeli za 9/16 zimejaa mjini. Kranki ya kulia, ambayo pedeli iliingizwa upande, tulianza kuitia tepu kwa nyuma, mahali thredi za asili zilipokuwa hazijaguswa, kwa kuwa thredi ya kulia ni ya kulia ukiingilia upande wowote. Tepu ikafuata mhimili wa kweli na kuunyoosha mlango wa mbele ilipotokea. Ya kushoto inahitaji tepu ya thredi ya kushoto, na hilo lisisahauliwe.

"Ni ishirini na nane tu"

Sehemu ya magurudumu ndiyo iliyomchosha mwalimu kabla hajafika kwetu, na nina hasira kidogo na namna matairi yanavyouzwa hapa mjini. Ringi za asili za baiskeli hii zilikuwa za chuma, za inchi 27 kwa 1¼. Alipokwenda dukani na kusema anataka tairi la 27, aliambiwa 27 haipo, achukue 28, "ni ileile tu, inavutika." Akauziwa 28 kwa 1½, tairi la baiskeli nyeusi.

Namba ya inchi iliyoandikwa kwenye tairi inataja kwa kukadiria ukubwa wa nje. Haisemi chochote cha uhakika kuhusu mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Namba inayosema kweli ni ile ya milimita yenye kistari katikati, na tarakimu tatu za mwisho ndizo kipenyo cha makalio ya tairi. Kwa 27 kwa 1¼ ni 630. Kwa 28 kwa 1½ ni 635. Milimita tano za ziada zinatosha kulifanya tairi liingie bila hata kutumia vijiko, na zinatosha pia kulifanya liruke upepo ukipanda. Kisha kuna 700C, ambayo ni 622, na baadhi ya matairi yake huandikwa 28 pia. Kwa hiyo wateja wawili wanaweza kuomba "28" kwenye kaunta moja na kupewa matairi yaliyopishana milimita 13. Na mtu akidhani tairi la 27 la baiskeli za Kijapani za kwenda sokoni litamfaa, hilo ni 609, halitapanda kwenye ringi ya 630 hata kwa maombi.

Alipoyasikia hayo mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa fundi, nikiwa njiani nikapasukiwa, nimwambie nini muuzaji?" Swali hilo ndilo lililoamua. Tungeweza kumsaka tairi la 630 popote lilipo, lakini tungemfunga kwenye kipimo ambacho duka la jirani halina. 700C yapo, mapya na ya mitumba. Ringi zikabadilishwa.

Kutoka 630 kwenda 622 ringi inashuka milimita 4 upande wa breki. Kwenye baiskeli nyingi za mbio za baadaye milimita hizo nne zingeleta mgogoro, kwa kuwa mikono ya breki ni mifupi. Mafac za Peugeot hii ni za kuvutwa katikati, zenye mikono mirefu na nafasi pana ya kushusha viatu. Zilifika na nafasi ikabaki. Faida nyingine ilikuja bila kuombwa: ringi za alumini hushika breki kwenye mvua kuliko za chuma cha kung'arishwa, na mtu anayekwenda kazini kipindi cha masika anaihitaji tofauti hiyo kuliko urembo.

Jozi tuliyoipata ilitoka kwenye baiskeli ya Kijapani iliyovunjika fremu: habu (vitovu vya magurudumu) zenye thredi ya kawaida ya friwili, lile fungu la gia za nyuma, gia sita, upana wa nyuma milimita 126. Fremu ya Peugeot ina 120. Gurudumu lenyewe huweza kuingizwa kwa kuvuta masikio ya fremu yanayoshika ekseli ya nyuma kwa mikono kila mara, na wapo wanaoishi hivyo. Kwa mtu atakayetoa gurudumu pembeni ya barabara na jua kali, sikuona kuwa ni haki. Fremu ni ya chuma, na chuma kinakubali kupanuliwa kikiwa baridi, jambo ambalo halipaswi kujaribiwa kwenye alumini. Nondo yenye thredi na nati mbili kwa ndani, unazungusha polepole, unaachia, unapima. Chuma hurudi, kwa hiyo unapita kipimo ili kirudi kwenye kipimo. Kisha uzi: unaufunga sikio la kulia, unauzungusha mbele kwenye bomba la kichwa cha fremu, unaurudisha sikio la kushoto, na kupima umbali wa uzi hadi bomba la kiti pande zote mbili. Mguu wa kulia ulikuwa umefunguka zaidi ya wa kushoto, kama unavyofanya mara nyingi kwa sababu miguu hiyo haina ugumu sawa. Ukasukumwa wenyewe hadi pande zikalingana, na masikio yakanyooshwa yatazamane.

Kubadili gurudumu kukaondoa mtego mmoja ambao mwalimu hakuwa bado ameukanyaga. Habu ya Kifaransa ina thredi ya friwili ya milimita 34.7 kwa 1. Friwili ya kawaida, yenye thredi 24 kwa inchi, inaingia humo kwa ulegevu, inashika thredi chache, na siku mpandaji atakaposimama kwenye pedeli kupanda daraja inazivua zote kwa mpigo. Ile ya asili ilikuwa imechoka, meno yamelika. Bila habu mpya angeifikia ajali hiyo mapema.

Mnyororo ulinunuliwa ule unaouzwa kwa ajili ya gia sita hadi nane. Wa baiskeli nyeusi ni mpana, inchi ⅛ kwa ndani badala ya 3/32, na haupiti sawasawa kwenye direla. Direla ya nyuma ya Simplex ilikuwa na ufa kwenye bawaba, ikapisha ya Shimano ya kawaida yenye sikio lake la kufungia kwenye ekseli, kwa kuwa fremu haina sikio lenye thredi. Levara za zamani za kubadilishia gia zikabaki. Hazina vituo vinavyolia, mpandaji anatafuta gia kwa mkono, na kwa sababu hiyo hazijali kama nyuma kuna gia tano au sita wala kama direla imetoka nchi gani.

Usukani

Stemu ya asili, kile kipande kinachoushika usukani na kuzama kwenye uma, ilikuwa ya AVA, ya alumini, yenye mipasuo mirefu iliyochanwa kwenye sehemu inayozama ndani ya shingo ya uma. Aina hiyo ina sifa mbaya iliyothibitika kwa muda mrefu: hupasuka pale mipasuo inapoishia, na hupasuka bila onyo. Hii yetu haikuonyesha ufa. Nilimwambia mwalimu kwamba haitarudi kwenye baiskeli hata hivyo. Alisikitika, maana imechongwa vizuri na jina linapendeza. Hapo sikuwa tayari kujadiliana: stemu ikivunjika mbele ya daladala, mtu hana la kushika.

Shingo ya uma ya Kifaransa ina kipenyo cha ndani cha milimita 22.0, na stemu za kawaida ni 22.2. Ukiigonga inaingia, kisha haitoki, na shingo inatanuka. Tuliichukua stemu mpya ya 22.2, tukaipunguza kwa msasa sehemu inayozama peke yake, milimita 0.1 kila upande, tukiigeuza na kupima hadi ikashuka kwa uzito wake na kidole kidogo cha msaada. Uma haukuguswa. Usukani wa asili ulishikwa kwa kipenyo cha 25.0 na stemu mpya inashika 25.4, kwa hiyo usukani nao ukabadilishwa, ukaja na stemu kama jozi. Kuweka karatasi ya bati kati ya hivyo viwili ni jambo nisilolifanya kwenye baiskeli ya mtu.

Vikombe vya shingo vina thredi ya Kifaransa pia, milimita 25 kwa 1. Vilikuwa vizima. Vilioshwa, vikapata gololi mpya na grisi, vikarudi. Nguzo ya kiti inatakiwa 24.0, na nguzo ya duka ilikuwa 22.2, kwa hiyo mzee wa Gerezani alikereza ala ya alumini yenye unene wa milimita 0.9, ikapasuliwa upande mmoja ili ibanwe na fremu. Makopo ya soda yakaondoka.

Mwalimu aliichukua baiskeli ikiwa na karatasi iliyofungwa kwenye nailoni chini ya kiti, kwa ajili ya fundi yeyote wa Kigamboni atakayeifungua baadaye. Imeandikwa: tairi 622, pedeli 9/16, friwili ya kawaida, kotapini 9.0, za akiba zipo kwenye mfuko. Stemu imepunguzwa hadi 22.0, ekseli ya kranki ni ya Kifaransa, vikombe vyote viwili hufunguliwa kinyume cha saa, usitie kikombe cha dukani.

Mambo mawili yanataka macho yake. Kotapini mpya hujikalisha baada ya safari za mwanzo, hivyo zisukumwe tena na nati zikazwe kabla kranki haijaanza kugonga. Pili ni kikombe cha kulia. Ekseli ikizunguka mbele, gololi hukisukuma kikombe kidogokidogo kwa upande ulio kinyume, na kwa thredi ya kulia upande huo ni wa kufunguka. Ndiyo sababu Waingereza na Waswisi waliweka thredi ya kushoto hapo. Rangi nyeupe imepigwa mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye kikombe hadi kwenye fremu, ili mwalimu mwenyewe aone kikianza kusogea. Kikisogea, alete. Ikiwa siku hiyo thredi zake zitakutwa zimekwisha, fremu bado ina chuma cha kutosha kwa thredi za Kiitaliano za milimita 36, na vikombe vyake tutaanza kuvitafuta mapema.